STI, Evo X, Golf R au GT86: lipi la kuchukua ukiwa na hela ya gari moja la kasi

Kila anayetafuta gari la kasi, awe Nairobi, Arusha au Dar es Salaam, huanza na swali moja: lipi linakimbia kuliko mengine? Swali si baya, ila jibu lake halisaidii sana kuchagua. Kati ya magari manne ninayoulizwa mara kwa mara, yaani Subaru WRX STI, Mitsubishi Lancer Evolution X, Volkswagen Golf R ya kizazi cha saba na Toyota GT86, matatu ya mwanzo yanapishana chini ya sekunde moja tu kutoka kusimama hadi kilomita 100 kwa saa. Tofauti hiyo hutaiona barabarani. Utakachokiona ni jinsi gari linavyoingia kona, linavyopumua kwenye joto la foleni, na bili ya fundi mwaka wa pili ukifika.

Nitayapima kwa mambo matatu: mbio za mstari ulionyooka, kona, na thamani ya hela. Uzito sitaugawa sawa. La kwanza ndilo linalopigiwa kelele vijiweni, na kwangu ndilo jepesi kuliko yote.

Jina moja, magari tofauti

Kabla ya kulinganisha, hakikisha unajua ni gari gani hasa unaloliangalia, maana hapa wengi huumia. STI ya soko la Japani ina injini ya lita 2.0, EJ207, yenye nguvu farasi 308. STI zilizouzwa Ulaya na Marekani, pamoja na ile ya gia otomatiki iliyouzwa Japani kwa jina la A-Line, zina injini ya lita 2.5, EJ257, yenye nguvu farasi 300 hivi. Kwa nje ni ndugu: boneti ileile yenye mdomo wa hewa, breki zilezile za Brembo kwa nyingi kati yake. Ndani ni injini mbili zenye tabia tofauti kabisa, na moja ina ugonjwa nitakaoutaja mbele.

Evo X ilitoka mwaka 2007 ikiwa na farasi 280 kwa soko la Japani, mwaka uliofuata ikapandishwa hadi 300, na uzalishaji wake ukakoma mwaka 2016. Golf R iliyopelekwa Japani ilipunguzwa hadi farasi 280 wakati ya Ulaya ilikuwa na 300, na baada ya kuboreshwa mwaka 2017 ya Ulaya ikafika 310. Hizo tatu zote zina turbo na zinavuta kwa magurudumu manne. GT86, iliyoanza kuuzwa mwaka 2012, ina farasi 200, haina turbo, na inasukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake. Ukiitazama kwa karatasi utadhani imekosea njia kuja kwenye orodha hii. Subiri tufike kwenye kona.

Mstari ulionyooka

Kwa takwimu za viwanda vyenyewe, Golf R ya farasi 300 yenye gia za DSG (otomatiki ya klachi mbili) inafika kilomita 100 kwa sekunde 4.9, na ile ya farasi 310 yenye DSG ya gia saba kwa sekunde 4.6. STI ya Ulaya ni sekunde 5.2. Evo X ya gia za mkono iko karibu na sekunde 5.4. GT86 ya gia za mkono ni 7.6, na ya otomatiki 8.2.

Namba hizo zina hadithi nyuma yake. Golf R inafanya 4.9 mikononi mwa mtu yeyote. Unaweka gari kwenye hali ya mbio, unakanyaga breki kwa mguu wa kushoto, unakanyaga mafuta hadi mwisho, unaachia breki. Kompyuta inapanga injini, klachi na magurudumu yote manne, na gia zinabadilika bila mvuto kukatika. Ukirudia utapata kilekile. STI ya gia za mkono haikupi 5.2 kirahisi hivyo. Lazima upandishe mizunguko ya injini, uachie klachi ghafla, na kila ukifanya hivyo unakula klachi na unatesa giaboksi. Mwenye STI anayejali gari lake haondoki hivyo hata siku moja, kwa hiyo kwenye maisha ya kawaida Golf R iko mbele kwa zaidi ya tofauti iliyoandikwa kwenye karatasi.

Sasa tuzungumze mahali unapoishi, kwa sababu magari haya hayabaki yaleyale kila mahali. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza kati ya sehemu moja ya sita na sehemu moja ya tano ya nguvu yake. Farasi 200 wa GT86 wanabaki kama 165. Turbo inaweza kufidia upungufu huo kwa kuzunguka kwa kasi zaidi, hadi pale inapofika mwisho wa uwezo wake, kwa hiyo STI, Evo na Golf R hazipungui kiasi hicho. Mtu wa Nairobi, Nakuru au Mbeya anayeambiwa na rafiki yake wa Tanga kwamba GT86 ina mbio ya kutosha, asishangae akiiendesha kwao na kuiona nzito. Wote wawili wanasema kweli.

Ukishuka Pwani, adui anakuwa joto. STI imewekewa kipoza hewa cha turbo juu ya injini, chini ya ule mdomo wa boneti. Gari likiwa mwendoni hewa inaingia na mambo ni safi. Likisimama kwenye foleni ya Barabara ya Morogoro saa nane mchana, joto la injini linapanda na kukikalia kipoza hicho, na ukija kukanyaga baada ya hapo gari linakuwa zito kwa muda. Evo na Golf R zimewekewa kipoza hewa mbele, nyuma ya bampa, mbali na joto la injini. Kwa mtu wa Dar au Mombasa tofauti hii ni ya kweli kuliko sekunde zote nilizoziandika hapo juu.

Jambo lingine ni mafuta. Petroli ya daraja la juu ya Japani ina okteni (kipimo cha petroli kuhimili mgandamizo bila injini kugonga) karibu 100, na EJ207 na Evo za Japani ziliwekewa programu kwa mafuta hayo. Petroli ya kawaida ya vituo vyetu iko chini ya hapo. Kompyuta ya gari ikihisi injini inagonga hurudisha nyuma muda wa cheche na nguvu inashuka, na ukiendelea kulilazimisha kwa mafuta duni unachezea pistoni. Tia mafuta ya okteni ya juu kabisa unayoyapata, kila mara. Ukinunua gari la Japani lenye turbo, tenga hela ya kumpa fundi wa programu anayeheshimika alipange upya kwa mafuta ya hapa. Mwambie unataka usalama wa injini kwanza, farasi baadaye.

Kuna mbio moja ya mstari ulionyooka ninayoijali kweli: kupita lori. Uko nyuma ya semi inayopanda taratibu, mbele kumefunguka, na unataka kutoka kilomita 60 hadi 100 kwa saa na kurudi upande wako mapema. Hapa Golf R haina mpinzani. Mvuto wake wote wa Nm 380 unapatikana tangu mizunguko 1,800, kwa hiyo ukikanyaga tu gari linakwenda. STI na Evo zina mvuto mkubwa zaidi, Nm 422 kila moja kwa zile za Japani, ila huamka baada ya mizunguko 3,000 na kitu. Lazima ushushe gia kabla ya kutoka. GT86 ina Nm 205 tu, na katikati ya mizunguko 3,500 na 4,500 kuna bonde la mvuto ambalo kila aliyeiendesha analijua. Kupita lori kwa GT86 kunahitaji gia ya tatu, injini inayolia juu, na nafasi ndefu mbele.

Kona

Hapa ndipo hela yako inapopata maana.

Chukua barabara ya Mombo kwenda Lushoto kupitia Soni: nyembamba, ukuta wa mlima upande mmoja na korongo upande wa pili, kona inayofuatwa na kona. Huhitaji mwendo wa hatari kuyajua magari haya. Kilomita 40 au 50 kwa saa zinatosha kukuonyesha tabia ya kila moja.

Evo X ndiyo bora ya zote nne kwa kona, na sina haja ya kuzungukazunguka. Ukigeuza usukani, pua inafuata papo hapo. Usukani wake ni mkali na bado ni wa haidroliki, kwa hiyo mikono inasoma lami. Halafu inakuja kazi ya AYC, mfumo uliomo kwenye difu ya nyuma. Gari la magurudumu manne la kawaida, ukikanyaga mafuta katikati ya kona, huanza kusukuma pua nje. Evo inafanya kinyume. Inalipelekea nguvu zaidi tairi la nyuma la upande wa nje, na gari linajizungusha kuingia ndani ya kona. Mara ya kwanza utaona kama kuna mtu ameivuta pua kwa kamba. Ukishazoea, unakanyaga mapema zaidi na unatoka kwenye kona ukiwa tayari umenyooka. Uzito wake unapita kilo 1,500, lakini ukiwa kwenye kona hutaamini.

STI inataka adabu zaidi. Injini yake ya boksa, yenye silinda zilizolala ubavu, imekaa chini, jambo linaloweka uzito wa gari karibu na ardhi, ila yote imekaa mbele ya ekseli ya mbele. Ukiingia kona kwa papara itasukuma pua nje. Ukivunja mwendo vizuri, ukaendelea kuigusa breki kidogo huku unageuza, uzito unakuja mbele, tairi za mbele zinashika, na kutoka hapo gari linakuwa tamu. Difu yake ya kati, DCCD, kwa kawaida hugawa nguvu 41 mbele na 59 nyuma, na kuna swichi ya kuikaza au kuilegeza mwenyewe. Kwenye lami iache iamue. Kwenye vumbi ikaze, na hapo STI inakuwa gari lingine: inanyooka, inachimba, inakwenda pale unapoielekeza. Mwenye nyumba yenye kilomita kadhaa za barabara ya vumbi kabla ya lami ataielewa STI kuliko mtu mwingine yeyote.

Wala si bahati. Subaru na Mitsubishi zilitengeneza jamaa za magari haya kwa ajili ya rali, na Safari Rally ya Kenya ilikuwa mtihani wao mgumu. Tommi Mäkinen aliishinda kwa Lancer mwaka 1996. Colin McRae akaichukua kwa Impreza mwaka 1997. Richard Burns akaishinda kwa Mitsubishi mwaka 1998, kisha akahamia Subaru na kuishinda tena mwaka 2000, na Mäkinen akairudisha Mitsubishi mwaka 2001. Watoto waliokuwa wamesimama kando ya barabara enzi hizo wakimshangilia Patrick Njiru ndani ya Subaru yake ndio leo wenye hela za kununua STI. Mapenzi ya Wakenya kwa Subaru yana mizizi, na mizizi hiyo ina faida ya kifedha nitakayoieleza.

Golf R kwenye kona ni salama, haraka na tulivu. Injini imekaa kwa upana, magurudumu ya mbele ndiyo yanayofanya kazi kubwa, na mfumo wa Haldex unapeleka nguvu nyuma pale inapohitajika. Mvua ikinyesha barabara ya Limuru, ningetamani niwe ndani yake kuliko nyingine zote. Ukiisukuma hadi mwisho wake inateleza kwa pua, taratibu, na inakusamehe. Haikufundishi kitu na haikutishi. Ukiipata yenye shokapu za kurekebisha kwa kitufe, hapo inazipita zote kwenye lami mbovu, kwa sababu unailainisha ukiwa mjini na kuikaza ukitaka. Ikiwa na rimu za inchi 19, tafuta za 18 uvae tairi nene kidogo. Mashimo yetu hayana huruma na tairi nyembamba.

Na GT86? Hii ndiyo ningempa kijana anayetaka kujua kuendesha. Ina kilo zipatazo 1,240, pungufu ya Evo kwa kilo 300 hivi. Uzito wake umekaa chini kabisa. Toyota waliweka kitovu cha uzito huo milimita 460 kutoka ardhini. Wengi walizipokea zikiwa na tairi za inchi 17 za upana wa milimita 215 tu, na ilikuwa ni makusudi: gari lianze kuteleza mapema, kwa mwendo mdogo, ili dereva ahisi na arekebishe. Kwenye kilomita 50 unahisi nyuma inavyotaka kutoka, unahisi uzito unavyohama kutoka bega moja hadi lingine, unajifunza mguu wa kulia una maana gani. Magari yale mengine matatu yanakuficha makosa yako. GT86 inakuonyesha. Ila iko chini, na matuta ya mitaani yasiyo na alama utayajua kwa majina.

Thamani ya hela

Bei ya kununua ni mwanzo tu. Angalia kwanza kama gari unaweza kuliingiza.

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu liandikishwe mara ya kwanza. Hiyo inamaanisha mlango wa Evo X umefungwa moja kwa moja. Iliyopo nchini ndiyo iliyopo. STI yenye EJ207 ilimaliziwa Japani na toleo la kuaga la magari 555, na mwaka 2022 Subaru wakatangaza kwamba STI nyingine ya injini ya petroli haitatoka kwenye kizazi kipya cha WRX. Nayo inaelekea kulekule. Golf R ya kizazi cha saba iliishia mwaka 2020 na GT86 mwaka 2021, kwa hiyo hizo mbili bado zina muda kidogo.

Tanzania inaruhusu gari la zamani ila inatoza umri: ushuru wa ziada wa 15% kwa lililozidi miaka 8, na 30% likizidi miaka 10. Bajeti ya serikali hubadilisha mambo, kwa hiyo piga hesabu kwenye kikokotoo cha TRA, mamlaka ya mapato ya Tanzania, kabla hujatuma hata dola moja. Angalia pia ukubwa wa injini. Ushuru wa bidhaa ni 5% kwa injini iliyozidi cc 1,000 hadi 2,000, na 10% ikizidi hapo. EJ207, 4B11 ya Evo, EA888 ya Golf na FA20 ya GT86 zote ziko chini ya mstari huo. EJ257 ina cc 2,457, iko juu. Unalipa zaidi kwa injini dhaifu zaidi.

Dhaifu kweli. Ugonjwa wa EJ257 unajulikana dunia nzima: pistoni huvunjika kwenye kingo zinazoshika ringi, hasa gari likiwa limechezewa programu au limetiwa mafuta duni. Injini inapoteza mgandamizo kwenye silinda moja, inakula oili, inatoa moshi, na tiba yake ni kuifungua yote. EJ207 ni ngumu zaidi na inazunguka juu zaidi. Kwa hiyo ushauri wangu kwa STI ni mfupi: lita 2.0 ya Japani, au uachane nayo. Wapo watakaokuambia EJ207 haina ule mngurumo. Ni kweli kwamba mabomba yake ya moshi kutoka kwenye silinda yana urefu unaolingana, na ule mdundo wa Subaru za zamani unatokana na mabomba yasiyolingana. Chagua injini, achana na sauti.

Zaidi ya hapo STI ina faida ambayo hizo nyingine haziifikii hapa kwetu: mafundi na spea. Nairobi kuna gereji zinazoshughulika na Subaru peke yake kuanzia asubuhi hadi jioni. Bushi, beringi, breki, mkanda wa taimingi, yote yanapatikana mapya na yaliyotumika, na bei inashindaniwa. Mkanda huo ubadilishwe kila kilomita 100,000 pamoja na roli zake na pampu ya maji. Plagi ziko pembeni kwenye kona finyu, kwa hiyo kuzibadilisha kunachukua muda. Oili ipime kwa kijiti mara kwa mara. Boksa yenye turbo ikikaukiwa haikuonyi mara mbili.

Evo X haina mkanda, ina cheni, na injini yake ni imara ikitunzwa. Tatizo ni pampu ya AYC. Imekaa nyuma upande wa kulia, chini, inarushiwa maji na matope, na inaoza. Ikifa, dashibodi inakuonya, gari linaendelea kutembea, lakini ule uchawi wa kona umekwisha, na pampu mpya ni ghali kiasi cha kuumiza. Gari la Japani lililoishi kwenye baridi yenye chumvi barabarani lichunguze hapo kwanza. Gia za SST, otomatiki ya klachi mbili ya Evo, ni nzuri zikibadilishiwa oili na filta kwa wakati, na ni msiba zisipobadilishiwa. Ningechukua gia tano za mkono na kuvumilia kelele ya injini kwenye safari ndefu. Evo ina kitu kimoja kikubwa upande wake: haishuki bei kama hizo nyingine, kwa sababu hakuna mpya inayokuja. Tatizo ni kuipata ambayo haijachezewa. Nyingi zimeshabadilishwa turbo, programu na ekzosi na watu watatu tofauti.

Golf R inataka mwenye nidhamu. Oili ya DSG ya gia sita ni kila kilomita 60,000. Oili ya Haldex ni kila miaka 3, na hapa fundi lazima aifungue pampu na kusafisha wavu wake, kwa sababu wavu ukiziba pampu inaungua. Cha kutisha ni kwamba Haldex ikifa gari linabaki la magurudumu ya mbele na unaweza usijue kwa miezi. Kuna njia rahisi ya kupima: simama kwenye changarawe, ondoka kwa nguvu. Tairi za mbele zikizunguka bure na za nyuma zimetulia, bei ishuke au uondoke. Kagua pia nyumba ya plastiki ya pampu ya maji. Alama za waridi zilizokauka hapo ni maji ya rejeta yanayovuja. Spea za Golf zinapatikana Nairobi kwa wepesi unaoridhisha, Dar kwa shida zaidi, na fundi awe na mashine ya kusoma gari hilo, si ya kubahatisha.

GT86 ndiyo nafuu kuiweka barabarani. Haina turbo, haina difu ya mbele, ina cheni, na tairi zake ni za saizi ya kawaida. Zile za mwanzo, 2012 na 2013, ziliitwa na kiwanda mwaka 2018 kubadilishiwa springi za valvu, kazi inayohitaji kuifungua injini. Uliza kama ilifanyika na ilifanywa na nani, au nunua ya miaka ya mbele. Ukiweza kuongeza hela, GR86 iliyoifuata ina lita 2.4 na imeliziba lile bonde la katikati.

Ningechukua lipi

Ukiwa na familia, gari moja tu, na unaishi Nairobi: Golf R ya kizazi cha saba yenye kumbukumbu kamili za huduma. Ina milango mitano kwa nyingi, buti la maana, mbio kuliko zote, na jirani hataamka ukirudi usiku. Nasema hivyo ingawa moyo wangu uko kwa Evo.

Ukiwa nje ya mji mkubwa, au njia yako ina vumbi, au unataka gari ambalo fundi wa Eldoret, Moshi au Mwanza anaweza kulifanyia kazi bila kusubiri kifurushi, chukua STI ya lita 2.0. Si ya kwanza kwenye mbio wala kona, lakini ni ya pili karibu kila mahali, na inakaa barabarani.

Evo X mpe anayejua anachonunua, mwenye gari jingine la kwenda kazini, na mwenye hela ya dharura iliyotengwa kabla ya kununua. Kwake hakuna mbadala.

GT86 inafaa kijana wa Dar, Tanga au Mombasa, anayekaa peke yake, mahali ambapo injini inapata hewa yake yote. Viti vya nyuma ni vya mikoba. Nairobi ningemshauri aende na GR86 au asubiri.

Lolote utakalochagua, nenda kuliangalia asubuhi na umwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Weka mkono juu ya boneti. Likiwa na joto, uliza kwa nini. Liwashe mwenyewe na umwache mwenzako nyuma aangalie moshi: wa bluu ni oili. Lipa fundi wako, si wa muuzaji, apime mgandamizo wa silinda zote nne, na kama moja iko mbali na wenzake usiendelee na mazungumzo ya bei. Kwa gari la Japani omba karatasi ya mnada. Herufi R au RA maana yake lilishawahi kugongwa na kutengenezwa. Piga simu kwa kampuni ya bima upate gharama ya bima kubwa kabla hujalipa, maana kwa magari haya inaweza kukushtua.

Na hela ya kwanza utakayoitumia baada ya kununua iwe ya tairi nne mpya za chapa inayoaminika, seti moja, siyo mbili mbili. Kwa STI na Evo hilo ni lazima hata kwa ajili ya difu, ambazo huchakaa tairi zikipishana ukubwa. Ukitaka kujua gari linaweza nini, Kenya kuna mbio za saa kwenye barabara iliyofungwa kama KiambuRing TT, na vilabu vya magari huandaa siku za uwanjani. Jiandikishe, vaa kofia ngumu, na uulizie walio na gari kama lako wanatumia pedi gani za breki.